Agari ya mfuko mmoja inaganda Temeke, lakini Kigoma inabaki uji: sababu ni nini?

#1 Binti Gungu (Kigoma Mjini)
Salaam wana jukwaa. Mimi na dada yangu anayeishi Temeke tuligawana mfuko mmoja wa unga wa agari, kigandishi cha mwani, ulionunuliwa Kariakoo, ule unaopimwa kwa mizani na kufungwa kwenye nailoni bila karatasi yoyote ya maelezo. Nusu aliyobaki nayo inamgandia kila anapopika, tena inakatika vizuri kwa kisu. Nusu niliyokuja nayo huku inabaki uji mzito unaomwagika ukiinamisha bakuli, hata ikilala kwenye jokofu usiku kucha. Kipimo ni kilekile, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi huweka juisi, sukari na unga katika sufuria moja juu ya jiko la mkaa, nasubiri vichemke, kisha namimina. Jirani yangu anadai kwamba maji ya ziwa ndiyo yanayoharibu, na mwingine anasema agari ni kitu cha pwani ambacho hakifai bara. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie, kwa maana nina oda ya sherehe na siwezi kuwapelekea watu uji wa rangi.

#2 Mjomba wa Reli (Tabora)
Pole dada, hiyo ndiyo gharama ya kuishi mwisho wa reli. Jibu liko kwenye mwinuko. Temeke iko karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari, na Gungu iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo maji yenu huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Agari inahitaji joto kali ili iyeyuke. Sisi wa Tabora tulio kwenye mita 1,200 hivi tunalijua jambo hili kupitia maharage, ambayo huchelewa kuiva kuliko yale ya Dar es Salaam.

#3 Fundi wa Darubini (Kigoma)
Mjomba, kanuni yako ni sahihi ila haitoshi kulieleza tatizo hili. Kwa mwinuko wa Kigoma maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na kwa Tabora nyuzi 96, wakati agari huyeyuka kuanzia takriban nyuzi 85. Nafasi ya kuyeyuka ipo ya kutosha katika miji yote miwili. Ninafanya kazi ya maabara, na sisi hutumia agari kutengeneza vitanda vya kuoteshea bakteria, kwa kawaida gramu 15 kwa lita moja ya maji. Tunaipitisha kwenye otoklevu (chombo cha mvuke wenye shinikizo) kwa nyuzi 121 kwa dakika 15, lakini joto hilo ni la kuua vijidudu, wala halihitajiki kwa ajili ya kuyeyusha.

Swali langu kwa Binti Gungu ni hili: unajuaje kwamba unga umeyeyuka? Kuchemka kwa juisi si ushahidi. Chota kidogo kwenye glasi safi, uiinamishe kuelekea dirishani na uangalie maji yanayoteremka ukutani mwa glasi. Ukiona punje ndogo angavu zinazoteremka kama mayai ya samaki, unga bado haujayeyuka, hata kama sufuria inatokota. Endelea kukoroga mpaka kimiminika kiteremke kikiwa laini kabisa. Agari ambayo haikuyeyuka haitagandisha chochote. Itatuama chini ya bakuli, na juu utabaki na juisi yako.

Jambo la pili ni kwamba agari haihitaji jokofu ili igande. Huanza kuganda ikishuka kati ya nyuzi 40 na 32, yaani mezani tu. Ikishaganda, haiyeyuki tena mpaka uipandishe hadi nyuzi 85 hivi. Kwa hiyo kama mezani haijaganda ikiwa imepoa kabisa, usitegemee jokofu likuokoe.

#4 Mwalimu wa Kemia (Kasulu)
Nanasi! Naona hakuna aliyeuliza juisi ni ya tunda gani, lakini kwa Kigoma nadhani ni nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho hukatakata vigandishi, na papai lina papaini inayofanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana nyama ngumu hulainika ikilazwa pamoja na papai bichi.

#5 Fundi wa Darubini (Kigoma)
Mwalimu, kwa heshima, bromelaini na papaini hukata protini. Jelatini ni protini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo nanasi bichi huiharibu kweli. Agari hutokana na mwani mwekundu, nayo ni minyororo mirefu ya sukari aina ya galaktosi, na kimeng'enya cha nanasi hakina cha kukata hapo. Isitoshe, mwenye uzi ameeleza kwamba huchemsha juisi, na kimeng'enya huharibika kwa kuchemshwa.

#6 Bi Mkubwa wa Isevya (Tabora)
Wanasayansi mmesema mengi, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu sufuria. Mimi nimepika faluda tangu enzi za zile nyuzi ndefu nyeupe za agari zilizokuwa zikiuzwa kwenye maduka ya Wahindi, kabla unga haujaenea. Nyuzi zile ziliroweshwa kwanza mpaka zilegee, kisha zikachemshwa kwenye maji matupu mpaka zipotee zote. Sukari iliingia baada ya hapo. Ukiweka sukari nyingi mwanzoni, sukari hunyakua maji na agari haipati ya kulowania, ikabaki na viini ndani. Halafu kuna kosa la pili, nalo ni kuchemsha agari pamoja na kitu kichachu.

Mwanangu Binti Gungu, tuambie mambo mawili: unatumia tunda gani, na dada yako wa Temeke anapika nini? Mkigawana unga haina maana kwamba mnapika chakula kimoja.

#7 Binti Gungu (Kigoma Mjini)
Ahsanteni. Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi napika jeli ya nanasi na pasheni, na huwa nakamulia ndimu ili rangi isififie. Dada yangu anapika faluda ya maziwa yenye iliki. Punje alizozitaja Fundi sijawahi kuzitazama, kwa kuwa sufuria yangu ni nyeusi ndani na huwa napika jioni.

#8 Mwalimu wa Kemia (Kasulu)
Hapo sasa tunaongea. Pasheni na ndimu zina asidi kali, na minyororo ya agari ikichemshwa ndani ya asidi hukatika vipandevipande. Tofauti na suala la bromelaini, hapa hakuna kimeng'enya chochote. Ni asidi na joto vinavyovunja viungo kati ya sukari na sukari. Kuganda kwa agari hutegemea minyororo mirefu inayojisokota miwilimiwili wakati wa kupoa, kisha misokoto hiyo ikashikana na kufanya wavu unaoyanasa maji. Minyororo ikiwa mifupi, wavu unakuwa dhaifu na kinachobaki ni uji mzito. Tiba yake ni kuyeyusha agari kwenye maji peke yake, kuiepua, kisha kumimina juisi ikiwa vuguvugu. Juisi isiwe baridi, kwa sababu agari itaanza kuganda kwa mabonge kabla haijachanganyika.

#9 Mjomba wa Reli (Tabora)
Mwalimu ametoka kwenye nanasi akahamia kwenye pasheni bila hata kushusha mizigo. Hata hivyo nina pingamizi. Jeli za matunda machachu zinauzwa madukani zikiwa zimeganda vizuri. Kama asidi ingekuwa na nguvu hiyo, zisingekuwepo.

#10 Bi Mkubwa wa Isevya (Tabora)
Mjomba ana hoja, ingawa simpi ushindi. Mimi mwenyewe hupika jeli ya ukwaju, na ukwaju si mtamu. Inaganda. Tofauti ni kwamba naiweka agari zaidi kidogo na sichemshi ukwaju kwa muda mrefu. Kwa hiyo siamini kwamba asidi peke yake inaweza kuifanya ibaki uji, labda kama Binti Gungu anaiacha jikoni mpaka akamaliza kukanda chapati.

#11 Mvuvi wa Kibirizi
Ninaomba kuuliza mawili. Kwanza, mbona hakuna aliyejibu kuhusu maji ya ziwa? Maji yetu yana ladha yake, na sabuni yenyewe ina tabia yake ndani ya maji hayo. Pili, kama agari ni mwani, kwa nini tununue unga usio na jina Kariakoo wakati mwani unavunwa Zanzibar kwa magunia? Na yale majani ya kijani yanayoteleza kwenye mawe ya ziwa, je, nikiyachemsha sitapata kitu?

#12 Mwalimu wa Kemia (Kasulu)
Ndugu Mvuvi, ni kweli kwamba maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake ikikaribia 9, na yana magnesi nyingi kuliko maji ya maziwa mengi. Lakini alkali haiidhuru agari. Viwandani mwani wa jenasi ya Gracilaria hutibiwa kwa magadi makali kabla ya kuchemshwa ili agari yake iwe na nguvu zaidi. Vilevile agari haihitaji chumvi yoyote ndani ya maji ili igande. Hata kwenye maji yaliyokenekwa inaganda. Kama maji yako yangefanya kazi yoyote hapa, yangesaidia kidogo kupunguza uchachu wa pasheni.

Kuhusu majani ya kwenye mawe, yachemshe ukitaka, ila utapata supu ya kijani. Agari hutokana na mwani mwekundu wa baharini, hasa Gelidium na Gracilaria.

#13 Mvuvi wa Kibirizi
Supu ya kijani nitamwachia Mjomba aipakie kwenye behewa.

#14 Pwani Asilia (Ujiji, asili yangu Jambiani)
Nimesoma uzi wote kimya, lakini bandiko namba 11 limenigusa. Mwani unaolimwa Zanzibar hautoi agari. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 kule upande wa mashariki wa Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mwani wetu. Aina zinazolimwa ni mbili, ambazo wakulima huziita spinosamu na kotonii. Zote mbili hutoa karajinani, ambayo nayo ni kigandishi lakini tabia zake ni tofauti na za agari. Kwenye vifungashio vya vyakula agari huandikwa E406 na karajinani E407.

Wanaolima kwa wingi ni wanawake. Maji yakitoka wanashuka, wanafunga mbegu kwenye kamba zilizopigiwa vigingi, na baada ya wiki 6 hivi wanavuna na kuanika. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto, matawi yanageuka meupe, yanalegea na kukatika. Ndiyo maana Dkt. Flower Msuya na wenzake wamekuwa wakiwahimiza wakulima kutumia nyavu za bomba kwenye kina kirefu zaidi, ambako maji ni ya baridi.

Nimeeleza haya kwa sababu nadhani yanagusa swali la mwenye uzi. Unga usio na jina unaouzwa kwa mizani unaweza kuwa karajinani au mchanganyiko. Karajinani hushikana na protini ya maziwa, kazeini, kiasi kwamba kiasi kidogo sana hugandisha maziwa mengi. Ndani ya juisi chachu inayochemshwa, karajinani huvunjika haraka. Dada wa Temeke anapika maziwa, inamgandia. Wa Gungu anapika pasheni na ndimu, haimgandii. Sioni haja ya kutafuta mwinuko wala ziwa.

#15 Mjomba wa Reli (Tabora)
Kwa hiyo ikiwa ni karajinani, hoja ya maji ya Mvuvi inarudi? Mwalimu amesema agari haihitaji chumvi, hakusema karajinani haihitaji.

#16 Mwalimu wa Kemia (Kasulu)
Inarudi kwa sehemu. Karajinani ya kotonii hugandishwa na potasi, na ile ya spinosamu hugandishwa zaidi na kalsi. Maji yenye upungufu wa madini hayo hutoa jeli dhaifu. Maziwa yana potasi na kalsi za kutosha, kwa hiyo hoja ya Pwani Asilia inapata nguvu ya ziada. Hata hivyo nanasi na pasheni nazo zina potasi nyingi, na hapo ndipo ninaposita kukubali kwamba maji ndiyo yenye kosa.

#17 Abuu Ujiji
Assalaam alaykum. Mimi nina wasiwasi mwingine. Ikiwa unga hauna jina, tutajuaje kwamba si jelatini? Jelatini huweza kutokana na nguruwe, au na ng'ombe ambaye hakuchinjwa kwa sheria. Watu wa sherehe watakula wakidhani ni mwani. Naomba njia ya kutambua ambayo mama wa nyumbani anaweza kuitumia bila maabara.

#18 Fundi wa Darubini (Kigoma)
Waalaykum salaam, Abuu. Ipo njia nyepesi. Jelatini huyeyuka kabisa kwenye maji ya moto yasiyochemka, na ikishaganda huyeyuka mkononi, kwa kuwa joto la mwili linatosha. Jeli ya agari ukiishika mkononi itatoa majimaji lakini itabaki kipande. Pia ukichoma unga kidogo juu ya kaa, jelatini hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Kipande kisichoyeyuka mkononi hakithibitishi kwamba ni agari, kwa sababu karajinani nayo inaweza kuvumilia, lakini kitakupunguzia hofu ya jelatini.

Tabia hiyo ya kutoyeyuka ndiyo iliyoiingiza agari kwenye maabara. Mwaka 1881 Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch huko Berlin, akiotesha bakteria wa hewani juu ya jelatini. Wakati wa joto jelatini yake iliyeyuka, na hata isipoyeyuka baadhi ya bakteria waliila wakaigeuza maji. Mke wake, Fanny Hesse, aliyezaliwa New York mwaka 1850, alikuwa akipika jeli kwa agari nyumbani. Alijifunza kwa jirani wa Kiholanzi aliyewahi kuishi Java. Yeye ndiye aliyependekeza ijaribiwe. Agari ilivumilia nyuzi 37, bakteria wengi hawakuweza kuila, na Koch akaotesha juu yake vimelea vya kifua kikuu alivyovitangaza mwaka 1882. Julius Richard Petri alileta sahani zake mwaka 1887, na mpaka leo mgonjwa wa Kigoma akipimwa kujua ni antibiotiki gani itamfaa, kipimo hufanyika juu ya agari iliyomiminwa kwa unene wa milimita 4. Ikiwa nyembamba au nene zaidi, duara ambamo dawa imezuia bakteria kuota hubadilika ukubwa na majibu yanapotosha.

#19 Mwalimu wa Kemia (Kasulu)
Fundi, nirekebishe jambo moja. Vimelea vya kifua kikuu Koch aliviotesha hasa juu ya seramu ya damu iliyogandishwa kwa joto. Agari aliitaja kwa ufupi tu katika taarifa yake ya mwaka 1882, tena bila kuwataja akina Hesse. Fanny Hesse hakupata faida ya kibiashara kutokana na wazo lile.

#20 Bi Mkubwa wa Isevya (Tabora)
Mwanamke wa jikoni ametoa jawabu, na wanaume wa maabara wakalitia mfukoni. Sishangai hata kidogo. Tuendelee na sufuria.

#21 Nyuki wa Sikonge
Nami nichangie. Wachuuzi huchanganya unga wa bei kubwa na sukari ya kusaga au wanga wa mahindi. Mtasema mfuko ulikuwa mmoja, kwa hiyo nusu zote mbili ni sawa. Si lazima. Mchanganyiko wa punje za ukubwa tofauti ukitikiswa, punje ndogo hujipenyeza na kushuka chini. Aliyechota juu na aliyebaki na chini hawakupata kitu kimoja, na unga wa Binti Gungu ulisafiri kwa reli au basi mpaka Kigoma ukitikiswa njia nzima. Weka tone la iodini juu ya unga: ukigeuka bluu iliyokoza, kuna wanga.

Pia naomba kujua kama asali ya miombo inaweza kugandishwa kwa agari, kwa maana wateja wa mijini wanapenda vitu vipya.

#22 Fundi wa Darubini (Kigoma)
Hoja ya kutikisika naikubali, na sikuwa nimeifikiria. Ila iodini isiwekwe juu ya unga mkavu, kwa sababu agari halisi yenyewe hupata madoa ya bluu-nyeusi na zambarau ikiguswa na iodini. Ukifanya hivyo utamhukumu mchuuzi asiye na hatia. Chemsha unga kidogo, kama mfinyo wa vidole viwili, ndani ya glasi ya maji, uache upoe kabisa, ndipo udondoshe iodini. Kukitokea bluu hapo, wanga upo.

Asali ina asidi yake, lakini ni hafifu kuliko ya ndimu. Yeyusha agari kwenye maji kwanza, kisha tia asali baada ya kuepua, ili hata harufu yake isipotee.

#23 Mjomba wa Reli (Tabora)
Watu wa Sikonge hamuwezi kupita kwenye uzi wowote bila kuuza asali. Fundi, na ile mnayoiita agari ya chokoleti huko maabara, inauzwa bei gani kipande?

#24 Fundi wa Darubini (Kigoma)
Haina chokoleti hata chembe, Mjomba. Ni agari iliyotiwa damu, mara nyingi ya kondoo, ikapashwa moto mpaka chembe za damu zikapasuka na rangi ikawa ya hudhurungi. Hutumika kuotesha bakteria wasumbufu, wakiwemo wanaosababisha homa ya uti wa mgongo. Karibu uonje.

#25 Pwani Asilia (Ujiji)
Kabla uzi haujapotelea kwenye damu ya kondoo, niongeze moja kuhusu kutengeneza agari yetu wenyewe, kwa kuwa kuna aliyenitumia ujumbe pembeni. Gracilaria inaota yenyewe katika pwani ya Tanzania, na watafiti wetu wameshachunguza agari yake. Kazi kubwa ni kuyatoa maji. Wajapani husimulia kwamba katika karne ya 17 mwenye nyumba ya wageni, Mino Tarozaemon, alitupa nje masalia ya jeli ya mwani wakati wa baridi kali. Usiku yaliganda barafu, mchana yakayeyuka na kuchuruzika, na baada ya siku kadhaa yakabaki magamba makavu ambayo yalichemka na kuganda upya. Mpaka leo njia ya kugandisha na kuyeyusha inatumika, ila viwandani hufanywa kwa mitambo ya baridi au kwa kukamua kwa shinikizo. Kwetu baridi hiyo ingelipiwa kwa umeme, na hapo ndipo hesabu inapokataa. Nchi zenye Gelidium ya kutosha ni chache, Moroko ikiongoza, na ilipopunguza uvunaji na mauzo ya nje, mwaka 2015 maabara za dunia zilipata shida ya agari.

#26 Binti Gungu (Kigoma Mjini)
Nashukuru kwa michango. Kesho nitapika bakuli tatu kwa unga huuhuu: la kwanza maji matupu ya bomba, la pili maziwa, na la tatu juisi yangu, lakini agari ikiyeyushwa kwanza kwenye maji. Nitatumia sufuria ya bati inayong'aa ili nione hizo punje. Je, kwa kupima hoja ya Mvuvi, naweza kutumia yale maji ya betri yanayouzwa gereji?

#27 Fundi wa Darubini (Kigoma)
Usithubutu. Kwenye gereji chupa za maji na chupa za asidi hukaa rafu moja na wakati mwingine hubadilishana vifuniko. Ongeza bakuli la nne la maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Yana madini machache na yatatosha kwa ulinganisho wako.

#28 Mwalimu wa Kemia (Kasulu)
Likiganda la maziwa peke yake, nitaegemea upande wa Pwani Asilia. Yakiganda yote isipokuwa la juisi, bado hatutajua kama ni asidi iliyovunja agari au asidi iliyovunja karajinani. Hapo ungechukua kipande kilichoganda ukitie kwenye maji ya moto yenye nyuzi 75 hivi: agari itabaki, karajinani kwa kawaida itayeyuka, ingawa potasi nyingi huweza kuifanya ivumilie zaidi.

#29 Mjomba wa Reli (Tabora)
Na yasipoganda yote mkumbuke mwinuko.

#30 Bi Mkubwa wa Isevya (Tabora)
Mjomba, mwinuko umepanda mwenyewe kichwani mwako. Binti Gungu, acha kupima kwa kijiko cha kujaza kilima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kina kiasi cha gramu 2 za unga wa agari, na kwa nusu lita ya maziwa vijiko viwili vinatosha. Kwa juisi yako anza na vitatu. Nina swali jingine: wewe na dada yako mnatumia kijiko cha ukubwa mmoja, au kila mtu ana chake? Na huo unga ukiwa mkavu una rangi gani, mweupe au wa manjano hafifu?